Uji Ulioitwa Uki

Haki ya Mungu, haya ninayowaambia ni kweli tupu, na anayebisha aweke kikombe chini aende kwa muuza soda ng'ambo ya barabara.

Ilikuwa siku ya soko ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na jua la Kianjai liliwaka hata kuku walitaga mayai yaliyochemka. Chini ya turubai, Mzee Mwirigi alikuwa akiitazama sufuria ya uji mchachu wa wimbi, imejaa pomoni, wala hakuna mteja. Kibanda kilikuwa cha wajukuu wake, Gatwiri na Ann. Wao ndio waliosaga, wakachachusha, wakauza likizo nzima. Kazi yake yeye ilikuwa kuosha vikombe na kuvuta watu kwa hadithi, na hata hapo walimwekea sheria: kila akitia chumvi, faini ni mtungi wa maji kutoka kisimani, aubebe mwenyewe.

Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kucheka. Gatwiri alikuwa ameitwa shule ya bweni, na shule ilitaka sanduku na godoro. Uji wa likizo nzima ulikuwa umeleta sanduku tu. Shangazi yake wa mji wa Maua alikuwa ameshatuma neno: hakuna godoro, basi msichana aje amlelee mtoto.

"Juju," Gatwiri alimwambia babu yake bila kumtazama, "uji huu usipoisha leo, mimi ni wa kufua nepi Maua."

Mwirigi angeunywa uji huo wote mwenyewe, lakini ungeleta godoro gani? Akachukua rangi iliyobaki ya kupaka mlango, akaupaka upya ubao wao uliofifia kwa jua. Miwani yake alikuwa ameikalia juzi, ikawa vipande. Akaandika kwa kubahatisha, akausimamisha ubao kando ya njia.

Muda si muda wakaja wazee wawili, nyuma yao vijana wa bodaboda, wote wakinong'ona.

"Mzee, ile kitu iko?"

"Iko, tena tele!"

"Ni kali?"

"Kali? Ng'ombe wangu alilamba sufuria, akaenda kanisani peke yake!"

"Mtungi mmoja," Ann akasema.

Mzee wa kwanza alipiga funda, akakunja uso. "Lakini huu ni uji!"

"Kwani wewe ulitaka nini?" Gatwiri akamuuliza.

Mzee akaonyesha ubao kwa kidevu. Naibu wa chifu alikuwa amesimama mbele ya ubao na askari wake, akisoma kwa sauti: "U-KI BA-RI-DI."

Mwirigi akageuka, akausogelea ubao hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Ile J ilikuwa imeota mkono na mguu, ikawa K. Uki! Pombe ya asali, ile wazee hunywa kwenye mahari, sasa inatangazwa sokoni na watoto!

"Mzee mzima, unawauzisha watoto pombe?"

"Ni uji, bwana mkubwa. Nimekosea herufi."

"Wewe? Si wewe uliyeniambia ulivuka mto Kathita ukiwa umepanda mamba? Askari, mwaga!"

Mwirigi alitafuta uso wa kumtetea. Aliyeonja uji alikuwa tayari ameinamia nyanya za watu, anazibonyeza moja moja; nani angekiri mbele ya serikali kwamba alifuata uki? Mara hii mzee alikuwa na ukweli mtupu mdomoni, na hakuna aliyeutaka.

Sufuria ikainamishwa. Uji ukaingia vumbini. Ann alipiga magoti, akauzuia kwa viganja. Gatwiri hakulia. Alivua aproni, akaikunja polepole, kona kwa kona, kama mtu anayefunga nguo za safari ya Maua. Kuona hivyo, Mwirigi akakaa chini papo hapo.

"Ngojeni!" Shueib, muuza vitenge, alikuja mbio. "Mimi nakunywa hapa kila soko. Mimi na swala zangu tano, umewahi kunisikia nikinuka pombe?" Akachota kikombe, akakimaliza mbele ya watu wote. "Haya, ninuse!"

Naibu wa chifu alinusa. Akaonja. Akaongeza kikombe cha pili.

"Futeni hiyo K," akasema, akaenda zake.

Nusu ya sufuria ilikuwa imebaki. Watu wakarudi kwa aibu, wakanywa, foleni ikafika Maua, trafiki wakaja kuiongoza, na jioni hiyo Gatwiri akanunuliwa godoro jipya, bado liko ndani ya nailoni, akaenda—

"Juju!"

Mliokuwa kwenye benchi mligeuka wote. Gatwiri, amekuja likizo fupi, alikuwa amesimama nyuma yenu, mikono kiunoni.

"Wewe Mzee Mwirigi, mbona unajisimulia kama jirani? Foleni ya Maua, mtungi. Trafiki, mtungi. Na hilo godoro jipya, mbona kila usiku linaninukia tumbaku yako ya kunusa? Nimeingia chumbani kwako sasa hivi. Unalalia magunia!"

Nikamuuliza, "Hiyo nayo ni mitungi mingapi?"

"Hiyo," akasema, akatazama pembeni, "hiyo utabeba mpaka nikuambie basi."

Nikainua mtungi. Magoti yalitoa mlio njia nzima hadi kisimani, na hapo sijatia chumvi hata chembe.