Kitufe cha Nyamazeni

Mimi sipendi kushindwa, na shemeji yangu ndiye mtu wa mwisho ninayetaka anishinde, hata kama ni kuwahi kiti. Huyu ni mume wa dada yangu. Sote wawili tunatengeneza tovuti, na ugomvi wetu ni wa miaka. Mimi nilikuwa upande wa plagini, kile kiprogramu unachobandika kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, ndipo picha zicheze na sauti zitoke. Yeye alishikilia kwamba kivinjari chenyewe kitajifunza kufanya yote hayo, na plagini zitakwenda na maji. Nikambatiza Bwana Kivinjari. Naye akaniita Mama Plagini. Tukikutana mezani, chakula kinapoa.

Baba alipopata kiharusi, upande mmoja ukapooza, na ulimi wake ukagoma. Akili timamu, masikio mazima, ila neno halitoki. Nikamtengenezea ukurasa wenye picha kubwa: glasi ya maji, kikombe cha chai, kitanda, sura zetu. Akibofya, kompyuta inamsemea. Tena haikusema kwa sauti ya mashine, hata kidogo! Nilichomoa sauti yake mwenyewe kutoka kanda za video za familia, neno kwa neno. Na niliunda yote kwa plagini, ningeunda kwa nini kingine? Baadaye bomba lilipasuka stoo, kanda zote zikaharibika. Sauti ya Baba ikabaki mle ukurasani tu.

Asubuhi moja kivinjari kikajisasisha bila kumuuliza mtu. Nikamkuta Baba mbele ya mstatili wa kijivu wenye maandishi kwamba plagini haikubaliki tena. Alikuwa anabofya pale ilipokuwa chai. Anabofya tu.

Nilihangaika kutwa nzima. Kivinjari cha zamani kilikataa kuwekwa. Nikajaribu kuzitoa sauti mle ndani, yakatoka makelele matupu. Jioni Baba akaisukuma kompyuta pembeni, akageukia ukutani. Hapo niliogopa kweli. Mtu anyang'anywe kinywa mara mbili, jamani?

"Mpigie mume wangu," dada akasema.

"Bora nile sabuni."

"Basi kula, na Baba akae bubu."

Nikapiga.

Shemeji alikuja mbio, amevaa ndara. "Shikamoo, Baba," akasema mlangoni. Baba hakuwa na cha kumwitikia. Nilisubiri kejeli zake, hazikuja. Shemeji aliutazama ule mstatili, akamtazama mkwewe, akavuta kiti.

"Kuna watu wametengeneza mkalimani," akasema. "Ni programu inayosoma kazi za plagini na kuzichezesha ndani ya kivinjari kitupu. Plagini yenyewe haihitajiki."

"Watu gani?"

"Wa upande wangu. Waliona kazi zenu ni nzuri, zisifie mbali."

"Na hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Shemeji aliongeza mstari mmoja kwenye ukurasa, akaufungua upya. Kijivu kikabaki palepale. Kisha, moja baada ya nyingine, glasi, kikombe, kitanda, sura zetu. Dada akabofya glasi.

"Maji," Baba akasema kutoka kwenye spika, kwa ile sauti yake nene.

Mungu mkubwa! Nilikaa sakafuni. Nililia kwa furaha, kamasi na yote, wala sikujali nani ananiona. Dada naye akamkumbatia Baba mpaka akamvua kofia.

Shemeji akajisahau. "Sasa umeona? Kivinjari ndicho..."

"Kivinjari nini! Bila plagini yangu mkalimani wako angetafsiri upepo?"

"Ungenisikia tangu zamani..."

"Wewe nawe! Nani aliyeunda hizo picha?"

Baba alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Kwa mkono wake mzima alivuta kipanya, akakitembeza polepole hadi pembeni chini, penye picha ya kidole mdomoni. Kitufe kile alikidai mwenyewe, kwa ishara, siku nilipokuwa natengeneza ukurasa. Neno lake nililitoa kwenye video ya chakula cha mchana, mimi na shemeji tukibishana juu ya mambo hayahaya.

"Nyamazeni!" spika ikanguruma.

Tukanyamaza kama watoto wa shule. Baba akatutazama mmoja mmoja, na upande mzima wa mdomo wake ukacheka. Kisha akabofya kikombe.

Mimi na shemeji tukakimbilia jikoni kuinjika chai. Tulifika mlangoni pamoja, nikamwacha atangulie.