Mama Mkwe wa Nchi Nzima

Mke yeyote aliyekuwa na kinyongo na mama mkwe wake, akakosa pa kukipeleka, alikipeleka kwa Mama Shubiri. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watazamaji ndio waliompa, maana katika kila filamu aliyoigiza alikuwa mama mkwe yule yule, mchungu kama shubiri: anamwaga chakula cha mkwe, anamsingizia wizi, anamfungia nje mvua ikinyesha huku yeye akinywa chai dirishani.

Mtaani hakuachwa salama. Muuza nyanya alimchagulia zilizopondeka na kumwambia, "Hizi ndizo saizi yako." Kwenye foleni ya benki, bibi mmoja alimtwanga kwa mkoba mgongoni, akaeleza kwamba anamlipizia yule binti wa mvua. Mama Shubiri alicheka tu, kwa sababu nyumbani kwake mambo yalikuwa kichwa chini miguu juu. Aliishi na mwanawe na mkaza mwanawe, na mkaza mwana huyo ndiye aliyekuwa akimpokonya kichupa cha chumvi mezani.

"Mama, presha hiyo."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Hata punje."

Basi mwovu wa nchi nzima anainamia maharage yake chapwa.

Kilichomtoa kwenye filamu kilimkuta saluni. Alikuwa amekaa na rola kichwani, mama mmoja mwenye sauti laini na mavazi ya heshima akaja kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Dada yangu, Mungu akuzidishie. Nimejifunza mengi sana kwako."

"Mengi gani?" akauliza Mama Shubiri, uso umemchanua. Msanii gani hapendi sifa?

"Ile ya kumfungia mkwe nje na mvua. Nimeijaribu. Siku hizi yule binti hata kukohoa anaomba ruhusa."

Mama Shubiri aliondoka pale pale na rola zake, upande mmoja wa nywele umekauka na wa pili unachuruzika. Hakulala vizuri. Siku iliyofuata alimwendea mwongozaji wake wa filamu na kumwambia amefika mwisho.

"Nimekuelewa," akasema mwongozaji. "Umechoka kufungia watu nje. Nitakupa filamu ambayo unaua."

"Sitaki."

"Unaua wawili!"

Akamwacha akiongeza maiti.

Pembezoni mwa mji palikuwa na nyumba isiyo na kibao, yenye ukuta mrefu na geti la bati. Ilikuwa ya nesi mmoja mstaafu, aliyechoka kuwafunga bendeji wanawake wale wale waliodai wameanguka ngazi, wakati wengine walikaa kwenye vyumba visivyo na ngazi hata moja. Aliyekimbia kipigo alipata kitanda kwake, na mtu wa kuzungumza naye. Mama Shubiri akabisha hodi. Nesi alichungulia kwenye tundu, akalifunga. Akachungulia tena.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kusaidia."

"Kusaidia upande upi?"

Ilibidi aeleze mambo mengi akiwa amesimama juani ndipo akafunguliwa.

Mwanzo ulikuwa balaa. Mwanamke wa kwanza kukutana naye koridoni, Mama Shubiri akiwa ameshika sinia la chai, aliruka nje kupitia dirishani. Bahati nzuri nyumba haikuwa ya ghorofa. Wa pili alijifungia bafuni, akasema atatoka "yule mama akikamatwa". Na hata walipomzoea, akaruhusiwa kukaa nao kwenye mazungumzo, alifanya makubwa zaidi. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimulia ya mumewe, Mama Shubiri akaangua kilio cha filamu nzima, cha kuegemea ukuta na kuteleza polepole hadi sakafuni. Msimulizi akaacha habari yake, akaenda kumpigapiga mgongoni. "Basi, mama, basi. Yamepita."

Nesi akamwita jikoni.

"Leo nani kamsaidia nani?"

"Nimemwonea huruma, dada."

"Umeiigiza huruma. Hapa hakuna kamera. Kazi yako ni kukaa, kufunga mdomo na kusikiliza. Mtu akinyamaza, na wewe nyamaza. Vuta pumzi kwanza."

"Halafu niseme nini?"

"Sema, 'Nakusikia.' Inatosha."

Kumwambia hivyo mtu aliyekula kwa kufoka maisha yake yote ni kama kumwambia mbuzi alinde shamba la mahindi. Lakini alijitahidi. Jioni alisimama mbele ya kioo akifanya mazoezi. "Nakusikia," akasema kwa upole. "Naaakusikia." Mkaza mwanawe akajibu kutoka jikoni, "Hata kama unanisikia, mama, chumvi hupati!"

Ndipo akaletwa Fundi. Alikuwa mshonaji wa nguo, mwembamba, mkono wa kulia umefungwa plasta, na shingoni ananing'iniza futi kamba, kitu pekee alichotoka nacho kwa mumewe. Alipomwona Mama Shubiri hakukimbia. Alimtazama toka juu hadi chini.

"Ni wewe uliyekuwa unavaa lile gauni la zambarau," akasema. "Limeshonwa vibaya kwapani. Nilikuwa nateseka nikilitazama."

Wakawa marafiki. Kila alasiri walikaa barazani, na Fundi akasema yake kidogo kidogo, kama mtu anayefumua mshono asitake kuchana kitambaa. Siku moja akasema, "Unajua kinachoniuma? Siyo huu mkono. Ni kitasa. Mwanawe akinipiga, mama mkwe wangu anasimama nje kashika kitasa nisitoke. Nilikuwa nakiona kinatikisika, nikajua kumbe na yeye anatumia nguvu."

Mama Shubiri alivuta pumzi. Machozi hayakuja.

"Nakusikia," akasema, na safari hiyo hakuwa na habari kama amelisema vizuri au vibaya.

Nesi alimwomba koplo mmoja wa kike aje kuchukua maelezo. Koplo akaja amevaa kiraia ili asiwatishe wenyeji. Lakini Fundi aligoma kutoka chumbani. "Nitasema nini?" akauliza kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. "Wao wawili, mimi mmoja. Watasema nimeanguka."

Koplo alikuwa angali anakunywa chai yake, akingoja labda moyo utamrudia Fundi, geti likagongwa. Nesi akafungua tundu. Nje alisimama mama mnene mwenye mwavuli, aliyeambiwa na mteja mmoja wa Fundi kwamba mkwe wake ameonekana akiingia humu.

"Nimemfuata mke wa mwanangu."

"Hapa hakuna mke wa mwanao," akasema Nesi, naye akaanza kufunga. Lakini jicho la yule mama lilikuwa limeshapita begani kwake na kutua uani, ambako Mama Shubiri alikuwa akianika mashuka.

"Uuuwi! Mama Shubiri! Dada yangu! Mbona siku hizi hatukuoni kwenye filamu?"

Koplo akamwashiria Nesi afungue geti. Akasogea na kikombe chake mkononi, kama jirani tu. Mama Shubiri naye akaja, vibanio vya nguo mdomoni.

"Kumbe umehamia huku kuwanyoosha!" akasema mama wa mwavuli, furaha imemjaa. "Wamepata dawa yao!"

Mama Shubiri alivitoa vibanio. Kichwani mwake yalikuwa yamejipanga matusi ya kutosha filamu tatu. Alifungua mdomo, akamwona Nesi anavyomtazama, akaufunga. Akavuta pumzi.

"Nakusikia," akasema.

Ikawa kama bomba limepasuka.

"Wewe ni mwalimu wangu! Huyu wangu anashona suruali za wanaume wa watu, anawapima mpaka kiunoni, mbele ya mwanangu! Basi mwanangu anamtia adabu, na mimi nashika kitasa. Mtoto ana mkono mzito lakini hana akili. Nisingeshika mlango, huyu angekimbia zamani."

"Na mkono ulivunjikaje, mama?" Koplo akauliza taratibu.

"Ah, huo ni mguu wa kiti. Ndiyo ilikuwa siku ya mwisho."

"Na siku hiyo ulikuwa umeshika kitasa?"

"Kwa mikono miwili!"

"Asante sana. Maneno haya unaweza kuyarudia kituoni?"

Mama akarekebisha kitambaa cha kichwa. "Kituo gani, cha televisheni?"

"Cha polisi," akasema Koplo, akatoa kitambulisho.

Mwavuli ukaanguka. Yule mama akamgeukia Mama Shubiri kwa macho ya kuomba. "Dada, waambie basi. Waambie tulikuwa tunaigiza."

"Mimi ndiye niliyekuwa naigiza," akajibu Mama Shubiri. "Wewe ulishika mlango wa kweli."

Nyuma yao mlango wa nyumba ulifunguka. Fundi alikuwa amesikia kila neno.

"Shikamoo, mama," akasema kwa mazoea, kisha akakunja uso, amejikasirikia. "Nataka cherehani yangu. Na boksi la nyuzi." Akamgeukia Koplo. "Maelezo yako, andika. Niko tayari."

Mume alikamatwa mchana ule ule ndani ya kabati, amejificha katikati ya magauni ya wateja, moja likiwa limemkwama shingoni. Askari wawili wakaitoa cherehani nje, wakihema. Kesi ilijikokota kama kesi zote, ikaahirishwa leo kwa sababu hii na kesho kwa ile, lakini mwisho wake mume alifungwa, na mamaye akapata kifungo chake cha kusaidia, kifupi zaidi.

Mkono wa Fundi uliunga umepinda kidogo. Alipanga chumba kando ya barabara, akafungua kazi yake. Kukaa nyuma ya mlango uliofungwa bado hawezi; aliung'oa, akaweka pazia, na wateja wanaopimwa hulalamika wapita njia wanawachungulia. Anawajibu kwamba wafumbe macho.

Ijumaa Mama Shubiri humtembelea. Fundi humwekea kiti palepale mbele, mahali pa kuonekana na kila anayeingia. Mteja aliyekuja juu kwamba suruali imembana, akimkuta mama yule ameketi pale anashona vifungo, hughairi. Husema imemkaa vizuri sana, akashukuru, akaondoka kwa hatua fupi fupi.