Uzito wa Saa Tisa

Kabla ya kufunga chochote, fundi aliufuta ule uma wa mbele wa baiskeli kwa kitambaa kikavu, maana uchafu huficha ufa. Akausogeza dirishani, akapitisha ukucha kwenye miguu yake miwili inayong'aa, taratibu, juu hadi chini, akitafuta mkwaruzo. Hakuna. Akachungulia sili za mpira kama zinavuja mafuta. Zilikuwa kavu. Akautikisa karibu na sikio. Haukugonga popote.

"Huu umeanguka kweli, shemeji?"

"Umeanguka mita arobaini," alisema mjane. "Na yeye juu yake."

Mjane alikuwa mshonaji wa mtaa wa pili. Mumewe, ambaye watu wote walimwita Barafu, alikuwa akibeba sampuli za damu kutoka zahanati ya mlimani hadi maabara ya mjini, kwa baiskeli, sanduku la baridi likiwa mgongoni. Miezi minane iliyopita alitumbukia bondeni siku ya mvua. Baiskeli ilipondeka yote isipokuwa uma. Ofisi ya maabara ilimrudishia mkewe huo uma ndani ya boksi, pamoja na barua: marehemu hakuwa kazini siku hiyo, sanduku alikuwa ameliacha stoo, na mlimani alikwenda kujifurahisha.

"Kujifurahisha," alisema mjane. "Mtu ambaye siku ya mapumziko hata chumvi alinituma mimi." Akausogeza uma mbele kidogo juu ya meza. "Nijengee baiskeli, uma uwe huu. Nitaendesha mwenyewe."

Fundi alimwambia kwamba uma uliopata ajali hauaminiwi kwa macho tu. Lazima shokapu iliyo ndani ya miguu yake ijazwe upepo, uachwe siku kadhaa, uonekane kama unashika. Mjane alipoondoka, aliujaza, akausimamisha wima ukutani, shingo yake ikiwa imepenya kwenye tundu la rafu ili usianguke. Kisha akaendelea na minyororo ya watu.

Saa tisa alasiri uma ulishuka wenyewe, theluthi moja ya kina chake cha kubonyea, ukatulia hapo. Fundi alidhani upepo umevuja. Alipopima kwa geji, akakuta umepanda. Duka likanukia majani mabichi, na ukungu ukajikusanya sakafuni hadi kwenye vifundo vya miguu. Akachukua ufagio akautoa nje, spoki zisije zikashika kutu. Saa kumi na dakika ishirini uma uliruka juu mara moja, kama kiti kilichoachwa ghafla.

Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu fundi aliweka mizani chini ya miguu ya uma na kurudisha mshale kwenye sifuri. Saa tisa ilipofika, mshale ulikwenda hadi themanini na tatu. Akamwita mjane.

Alikuja na futi ya kupimia shingoni.

"Barafu alikuwa na kilo ngapi?"

"Sabini na moja. Suruali zake nilishona mimi, kiuno chake nakijua."

"Na hizi kumi na mbili za juu?"

Mjane alisogea karibu. Aliinama, akausoma mshale mwenyewe.

"Ni sanduku," alisema. "Likiwa limejaa. Tupu lina tano."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya uma, akaendelea kupinda sketi ya mteja ukungu ukimfunika miguu. Mvua ya mbali ilisikika ndani ya duka, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Uma uliporuka juu, alikata uzi kwa meno.

"Ni hapo alipoanguka," alisema.

Siku iliyofuata akaja karani wa ofisi ya maabara, baada ya mjane kwenda kumwita mara mbili. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alivuka ukungu bila kulalamikia viatu vyake, akausoma mshale, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

"Themanini na tatu," alisema. "Sina ubishi."

"Basi utaandika kwamba alikuwa kazini?"

"Nitaandika wapi, mama? Fomu inataka sahihi ya mwenye uzito."

Kwa heshima alisubiri dakika tano, kalamu mkononi. Kisha akaaga. Katika barua ile haikubadilika hata nukta.

Fundi alijenga baiskeli. Uma ulikuwa mzima, hilo hakuwa na shaka nalo tena. Alipofikia upepo, akasimamisha pampu.

"Nijaze wa kilo ngapi? Zako au zake?"

"Jaza wa wote," alisema mjane. "Na sanduku."

Ilibidi avue shati ili amalize.

Baada ya wiki moja mjane aliirudisha kwa ukaguzi, kwa kuwa baiskeli mpya hulegea bolti. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

"Inakwendaje?"

"Kupanda, mzito. Kushuka, ananituliza. Nikikata kona vibaya anaegemea upande wa pili."

Fundi alipitisha ukucha kwenye miguu ya uma. Bado hapakuwa na mkwaruzo.

"Ofisini wamepata mtu mwingine," alisema mjane. "Mwanamke wa makamo, ana watoto watatu. Jana nilimpita mlimani, ameloa chapachapa, sanduku mgongoni. Nikamsimamisha nikamweleza yaliyompata Barafu."

"Akasemaje?"

"Akasema anajua. Karani alimweleza siku ya kwanza kabisa: ikitokea ameanguka, basi siku hiyo hakuwa kazini. Ametia sahihi."

Fundi aliikaza bolti ya shingo robo mzunguko.

"Baiskeli yake ina shokapu?"

"Haina."

Mjane alivaa koti la mvua, akaitoa baiskeli hadi ukingoni mwa barabara, akaweka mguu mmoja kwenye pedali. Hapo akangoja, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba za viatu. Saa tisa ilipofika uma ulishuka, na wakaondoka kuelekea mlimani.