Upande wa Ndani wa Boneti

“Haya Norb, fungua basi tuwaone,” alisema Bibi Luverne, rafiki wa Norb wa miaka mingi, akipangusa haradali mdomoni kwa kiganja.

Nilidhani anataka kuiona injini. Nikamhamishia Hattie, binti yangu wa miaka mitatu, begani upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki na simu. Nilitaka picha ya Norb, baba mkwe wangu, akifungua boneti niliyoipaka rangi kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya wilaya, saa nne asubuhi. Trekta yetu ndogo ya bustani ilikuwa imesimama katikati ya safu ya trekta za kale, nyekundu kama nyanya iliyotoka kuoshwa, na watu walikuwa wameshaizunguka.

Baba aliegemeza fremu yake ya kutembelea kwenye tairi, akaifungua boneti, akainama. Akabaki ameinama vile vile, muda mrefu kuliko anavyotakiwa kuinama mtu aliyebadilishwa nyonga.

“Norb?” Mzee Gordy, rafiki yake mwingine, alimwita.

Baba alipitisha kiganja upande wa ndani wa boneti, kuanzia kwenye bawaba hadi mbele, polepole, kama mzazi anayempapasa mtoto kitandani taa zimezimwa. Kisha akautoa mkono, akautazama. Ulikuwa safi.

“Wako wapi?” akauliza.

Nilimwangalia Curt, mume wangu. Naye aliniangalia mimi.

“Akina nani, Baba?”

“Wako wapi, Brenna?”

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, mweupe kama karatasi ya kufungia jibini. Dakika mbili tu kabla ya hapo alikuwa ameishika ile boneti kwa juu, amejiona sura yake ndani ya rangi, na kuniita mwanangu mbele ya watu. Simu ilinitoka mkononi ikaanguka kwenye nyasi.

Mwezi wa tano Baba alipokwenda kubadilishwa nyonga, ile trekta ilikuwa imefunguliwa yote bandani. Ni kazi yake ya kupumzikia. Kila majira ya baridi huifungua, husafisha kabureta, hubadilisha hiki na kile, huku redio ikitangaza mpira. Daktari alimkataza banda kwa wiki nane. Kabla hajaondoka alituambia, “Injini mnaweza kuimalizia. Boneti iacheni, nitaishughulikia mwenyewe.”

Mimi nilisikia huzuni katika maneno yale. Niliona mzee anayejua hataweza, ila hapendi kusema. Na mimi mwaka ule ndio nilikuwa nasoma darasa la jioni la ufundi wa bodi za magari, Jumanne na Alhamisi, Curt akibaki na mtoto. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na saba. Hakuna kitu nilichowahi kukifanya hadi mwisho watu wakakitazama. Nikasema moyoni, hii boneti ndiyo itakuwa mtihani wangu, na ndiyo itakuwa zawadi yake.

Nikaichukua kimya kimya. Kwa nje ilikuwa imepauka na kuchubuka. Kwa ndani ilikuwa na grisi nyeusi nene kama lami, imepakwa juu ya grisi nyingine ya miaka na miaka. Nilicheka, nikamwambia Curt, “Huyu baba yako ni msafi kila mahali isipokuwa hapa.”

Mwalimu wetu hana mchezo. Hutuambia kwamba mwamuzi wa kweli hupiga magoti na kuchungulia chini, kwa hiyo na chini papakwe rangi kama juu. Nikaitumbukiza boneti nzima kwenye pipa la dawa ya kung’oa rangi. Siku ya pili ilitoka chuma kitupu. Upande wa ndani, kona ya mbele kushoto, nilikuta vishimo vidogo vidogo, kana kwamba kuku amedonoa. Kutu, nikasema. Nikavijaza puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, nikavipiga msasa, nikavipapasa nimefumba macho mpaka vidole havikusikia chochote. Kisha rangi ya msingi, kisha nyekundu, matabaka matatu. Mwalimu aliizunguka mara mbili bila kusema neno, na kwake hayo ndiyo makofi. Akamtaja mtu mmoja mwenye gereji ya bodi, ambaye angekuwa mwamuzi kwenye maonyesho. “Akiipenda, kamwombe kazi palepale.”

Hivyo ndivyo nilivyofika pale, nikiwa nimevaa gauni langu zuri, nasubiri kusifiwa.

“Brenna,” Bibi Luverne alisema. Ni mwanamke wa miaka themanini na tatu, mwenye sauti ya kuuzia mnada, lakini sasa alinong’ona. “Uliipitisha kwenye dawa?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Yote?”

“Yote.”

Mzee Gordy alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu kwenye nyasi, miguu mbele, kama mtoto.

Bibi Luverne ndiye aliyetueleza, mimi na Curt, maana hata Curt hakuwa anajua. Kile kiwanda cha trekta cha mtoni walikofanya kazi wote, ambacho sasa ni ghala la mbegu, kilifungwa mwezi wa tisa mwaka 1974. Siku ya mwisho wafanyakazi ishirini na watatu waliunda trekta moja zaidi ambayo haikuandikwa popote, kisha wakaitoa vipande vipande. Kabureta ilitoka ndani ya chupa ya chai. Gurudumu la usukani lilitoka ndani ya kapu la mkate.

“Na boneti niliitoa mimi,” alisema. “Tumboni, ndani ya koti. Mlinzi akaniambia, hongera Luverne, unajifungua lini? Nikamwambia, sasa hivi, nipishe!”

Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka machozi.

“Kabla ya kuitoa tuliandika majina upande wa ndani, wote, kwa ile rangi ya njano ya kuwekea alama. Tukaapizana, hakuna kusema nje. Tukampa Norb aitunze. Kila mwaka asubuhi ya maonyesho tunakutana bandani kwake, anafuta grisi kwa kitambaa, tunasoma majina. Halafu anapaka grisi nyingine ili rangi isiharibike. Mwaka huu sababu ya nyonga yake tukasema tutakutana hapa hapa.”

Kila mwaka mimi nilikuwa nyumbani saa hizo, namkaangia mtoto mayai.

“Kaka yangu alikuwa hapa karibu na bawaba,” Mzee Gordy alisema akiwa pale chini. “Emmet. Hakuwa na mke wala mtoto. Maandishi yake sina mengine.”

Nilitaka kusema samahani. Mdomo ulifunguka, lakini neno lenyewe niliona dogo, niliona aibu kulitoa. Hattie akanishika shavu. “Mama, nani amepotea?”

“Basi,” Baba alisema. Alikuwa ameifunga boneti, na mkono wake uko juu yake. “Basi, msimwandame. Hakujua. Ni mimi niliyefanya siri.” Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, “Ila Arlene, jamani.”

Arlene ni mama mkwe wangu. Sikumkuta, alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Nyumbani picha yake iko juu ya friji, anacheka na kofia ya ufundi kichwani.

“Arlene mjeuri,” Bibi Luverne alisema. “Wote tumeshika brashi, yeye akasema rangi itakuja kung’oka, nyie hamna akili. Akachukua senta panchi, kile kichuma chenye ncha, na nyundo. Tok, tok, tok, nusu saa nzima anatoboa jina lake kwa vidoti.”

Nikamgeukia.

“Wapi?” niliuliza.

“Wapi nini?”

“Alitoboa wapi, Bibi? Upande gani?”

“Kona ya mbele. Kushoto.”

Vishimo vya kuku. Dakika zote zile nimefumba macho, navipapasa, najisifu kwamba havipo tena.

Nilimtupia Curt mtoto, nikakimbilia sanduku la vifaa kwenye gari. Niliporudi na karatasi ya msasa mwamuzi alikuwa ameshafika kwetu, mwenye gereji yule yule, ana ubao wake wa kuandikia na utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza ukichungulia mfukoni.

“Rangi ya nani hii?” aliuliza, anatabasamu. “Hii ni kioo!”

“Yangu,” nikasema. Nikaifungua boneti, nikaingiza mkono, nikaanza kuikwangua.

Watu walitoa sauti ile ya watu walioona sahani ikianguka. “Wee dada!” mwamuzi alisema. “Unafanya nini? Sijaandika hata alama!”

“Usiandike,” nilimwambia.

“Jua limempata huyo mama,” mwenye trekta ya jirani alisema. “Mpeni maji ya limau.”

“Mpe wewe, na ufunge mdomo wako,” Bibi Luverne alimjibu.

Baba alinishika kiwiko. “Acha, mwanangu. Usiharibu kazi yako. Imetosha.”

“Haijatosha, Baba. Nilivijaza tu. Sikuvitoa.”

Hakunielewa, na sikuwa na pumzi ya kumweleza. Tabaka la kwanza liliondoka, la pili, la tatu, vumbi jekundu likinishukia kwenye gauni. Ikaja rangi ya msingi, ya kijivu. Nikaogopa, nikafikiri labda mwezi ule nilisugua mno, labda vimekwisha. Vidole vilianza kuniuma. Nikabadilisha upande wa karatasi.

Kwanza kilitokea kidoti kimoja, halafu vitatu. Chuma kilikuwa kinang’aa, na ndani ya kila kishimo puti yangu ilikuwa imebaki, ya waridi hafifu, haitoki. Sikuwa naondoa rangi tena, nilikuwa nafuata herufi. A iliyokosa mstari wa katikati. R. L imelala kidogo. Nyuma yangu walikuwa wanasoma kwa sauti, herufi moja moja, hata yule wa maji ya limau.

“ARLENE,” Curt alimalizia.

Baba alisogea. Akaweka kidole kwenye ile A, akafuata vidoti hadi kwenye E ya mwisho. Nilidhani atasimama pale. Kidole kiliendelea mbele, kikakuta kidoti kingine, na kingine.

“Hapa palikuwa na mikwaruzo tu,” alisema. “Panchi ilimteleza, miaka yote nilidhani hivyo.”

Nilipiga msasa mara mbili zaidi. Haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa K, ndogo, iliyobanwa kwenye ukingo kama mtu aliyejificha.

Kolbeck, ukoo wetu.

Baba aliitazama mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. “Lakini,” alisema. “Lakini yeye alikuwa Dufek. Mwezi wa tisa ule alikuwa Arlene Dufek. Nilikuwa sijamwambia chochote. Nilikuwa sijamshika hata mkono!”

Tulimgeukia Bibi Luverne. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

“Nilimwona akiigonga,” alisema. “Akaniambia, Luverne, ukithubutu kusema, panchi hii inakuhusu. Halafu akaiziba kwa kidole gumba kilichojaa grisi. Nikasema atamwambia mwenyewe siku moja. Nilidhani alimwambia, Norb. Naapa. Nilidhani unajua.”

“Sikujua,” Baba alisema. Akakaa kwenye kiti cha trekta, boneti ikiwa wazi mbele yake, macho yametoka. “Sikujua kitu mimi.”

Mwamuzi aliusukuma utepe wake ndani zaidi mfukoni, akaenda kwa jirani taratibu, kama anayetoka kanisani ibada haijaisha.

Mzee Gordy alikuwa amesimama. Alichungulia kwenye bawaba, penye rangi yangu safi isiyo na kitu chini yake. “Na Emmet?” aliniuliza.

“Hayupo, Mzee Gordy. Yeye nilimwondoa.”

Alitikisa kichwa. Hakuniambia “si neno,” na nilimshukuru kwa kutosema. Akavua kofia, akaiweka juu ya boneti pale pale bawabani, akaiacha.

“Chuma kikibaki wazi hivi kitaota kutu kabla ya Jumatatu,” Baba alisema. Mkono wake ulishakwenda mfukoni kutafuta kikopo chake cha grisi. Kisha akasita. “Brenna, unayo ile rangi ya kupitisha mwanga? Inayoonyesha kilicho chini?”

“Ninayo, Baba.”

“Upake hapo. Hapo tu.” Akagusa ile K tena, kwa kucha, kana kwamba ingeweza kumuunguza. “Miezi mitatu,” alisema. “Nilihangaika mpaka Krismasi nikitafuta namna ya kumwuliza kama atanikubali.”