Pumzi ya Chumba cha Nyuma

Uyoga wangu wa kwanza ulitoka kama misumari: mashina marefu, vichwa vidogo kuliko vifungo vya shati. Dada yangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaukagua mfuko mmoja wa uyoga baada ya mwingine.

"Mdogo wangu, umepanda uyoga au vijiti vya meno?"

Mwenye haki ya kucheka aachwe acheke.

Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na miezi saba tu ya kujua kusoma. Nilikuwa nimeacha zamu ya jioni kwenye kazi ya kufua mashuka ili nihudhurie darasa la watu wazima, na uyoga ndio ungeziba pengo. Dada, mwenye nyumba, alinipa chumba cha nyuma kwa sharti: mavuno mawili. Yakiharibika yote mawili, cherehani yake ingeingia mle, nami ningerudi kwenye mashuka. Kurudi huko kulikuwa ni kuliaga darasa.

"Uzeeni ndipo unapoota meno ya maziwa," alisema. "Haya, tuone."

Kazi niliifanya kama nilivyoisoma kwenye karatasi ya mwalimu. Nilikatakata mabua makavu, nikayachemsha saa nzima, nikayaacha yapoe na kuchuruzika, kisha nikayashindilia kwenye mifuko ya plastiki: tabaka la mabua, tabaka la mbegu. Nikaining'iniza gizani. Majuma matatu baadaye mabua yalikuwa yamefunikwa na nyuzi nyeupe kama pamba. Nikaichana mifuko kwa wembe, nikawa nainyunyizia maji asubuhi na jioni.

Lakini chumbani mle ndimo nilimosali pia. Nyumba yetu haikuwa na siri. Ukikohoa jikoni unapewa pole sebuleni. Basi nilifunga mlango na dirisha, nikaziba hata upenyo wa chini kwa kitambaa, maana niliyomwambia Mungu yalimhusu dada. Nikitoka nilikiacha chumba kimezibwa vilevile, kwa kuhofia panya.

Jioni ya siku ile dada aliponicheka, nilibeba msumari wangu mmoja wa uyoga darasani, nimeufunga kwenye leso. Mwalimu, wa umri wa mwanangu, hakucheka.

"Mama, na nyuma ya karatasi ulisoma?"

Sikuwa nimeigeuza. Ukurasa ule mmoja ulinichukua siku nne. Nilipofika chini nilimshukuru Mungu nikidhani nimemaliza. Akaniomba nisome nyuma kwa sauti. Nikasoma, kidole chini ya kila neno: "Uyoga hupumua. Ukikosa hewa safi, hurefusha shina kuitafuta."

Nikaurudia mstari ule, kisha nikaendelea.

Nyumbani nilifungua dirisha, nikapigilia wavu. Kitambaa cha mlangoni nikakifua. Kila asubuhi niliusoma ukurasa ule wa nyuma kwa sauti hadi kidole kikawa hakina kazi. Siku ya tano, kwa mazoea, nikapiga magoti pale pale.

"Ee Mungu, mlainishe dada yangu ulimi. Unajua alivyonilea. Aliacha shule ili mimi nile, nami sijawahi kumwambia asante."

Nje, sauti ya sufuria zilizokuwa zikisuguliwa ikakatika.

"Na wewe mwambie akulainishie shingo!"

Niligeukia dirishani, bado niko magotini.

"Sema asante basi, nisikie," alisema dada, kwa sauti ya chini zaidi.

Nikasema. Sufuria zikaendelea.

Mavuno ya pili yalikuja na vichwa vipana kama viganja, vimepangana kama vigae vya paa. Niliyachuma kwa kuyazungusha shinani, mengine nikayachana kwa mikono, nikayaacha kikaangoni yakaukiwe na maji yake yenyewe, ndipo nikatia kitunguu. Dada alikula. Akaongeza.

Nilipotafuta mfuko wa plastiki wa kuhifadhia yaliyobaki, alinishika mkono. Akaenda sebuleni. Nikasikia cherehani ikikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Alirudi na mifuko minne ya karatasi ngumu, ile anayokatia vipimo vya nguo, imeshonwa pembe kwa pembe.

"Plastiki inautoa jasho, unaoza. Si ndivyo unavyosoma kila siku, unatupigia kelele?"

Cherehani haikuhamishwa. Asubuhi iliyofuata nilisali dirisha likiwa wazi, kwa sauti ya kawaida.