Nyaya Mbili Chini ya Upenu

Kabla umeme haujafika upande ule wa Bukiriro, simu ya Bibi Niragira ilitoa sauti safi, kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili. Ilikuwa simu ya mezani, ya waya, iliyovutwa kutoka misheni enzi za marehemu mume wake alipokuwa dereva wa mapadri. Majirani walishamcheka wakachoka. Lakini nyumba iko bondeni, na simu ya mkononi haishiki mtandao pale mpaka upande kilima cha shule. Magoti ya Niragira yalishaachana na vilima.

Simu hiyo ilikuwa na kazi moja. Kila Jumapili baada ya ibada, dada yake mkubwa, Keza, alipiga kutoka Nyabusozi alikoolewa. Katika watoto ambao mama yao alivuka nao kutoka Burundi, walikuwa wamebaki hao wawili. Keza hakutaka mazungumzo ya haraka. Alisalimiwa kwanza kama inavyompasa mkubwa, akaulizwa usingizi, mvua, maharage na ng'ombe, ndipo naye akaanza kuuliza ya kwake.

Siku mafundi wa umeme walipomaliza kuvuta waya na kuondoka, Niragira alisimama uani akautazama upenu wake. Waya mpya wa umeme ulipita ukutani kuelekea kwenye mita. Waya wa simu ulining'inia kando yake, umelegea, mbuzi wangeweza kuutafuna. Akaleta kigoda na kamba za mgomba, akapaweka pakawa nadhifu. Jioni taa ikawaka, watu wakapiga vigelegele.

Jumapili yake simu ikavuma. Ulikuwa mvumo mzito, usiopanda wala kushuka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Keza akauliza umewashwa mtambo gani huko. Niragira akajibu hakuna kilichowashwa. Jumapili iliyofuata mambo yakawa yale yale, na iliyofuata tena, mpaka Keza akakatiza salamu katikati.

"Natoka ibadani nakupigia wewe, wewe unanisikilizisha mashine," alisema. "Umepata umeme, dada yako si mtu tena. Siku utakayoizima, ndiyo tutaongea."

Akakata.

Niragira alirudisha mkono wa simu mahali pake akaenda kuchambua maharage. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alichambua mpaka ungo ukaisha, huku akifikiria kitu gani kinachovuma hapa kijijini, akakipata: mashine ya kusaga ya Idefonsi, nyumba ya pili, nayo ilianza kazi majuma yale yale umeme ulipofika.

Kwa watu wa pale huendi kumlalamikia jirani mikono mitupu. Alibeba kibuyu cha togwa, akakaa, akamwacha Idefonsi anywe kwanza, kisha akamweleza. Idefonsi alipangusa unga kwenye nyusi.

"Bibi, juzi kuku wako hawakutaga, ikawa mashine yangu. Leo dada yako kanuna, mashine yangu. Kesho ukikosa usingizi utaniletea kibuyu kingine?"

"Nitakuletea," alisema Niragira. "Jumapili usisage."

Idefonsi hakusaga. Simu haikulia. Niragira aliinua mkono wa simu mwenyewe asikilize, na nyuki walikuwemo. Alizima taa, akachomoa redio, akazima swichi kubwa ya nyumba nzima. Nyuki wakabaki. Akarudi kwa Idefonsi kumwambia asage tu, akamwachia na ndizi mbivu kwa usumbufu.

Kisha umeme ukakatika kijiji kizima, mchana, bila mvua wala upepo. Watu walitoka milangoni kuulizana. Niragira aliingia ndani, akainua mkono wa simu. Kimya. Akapiga Nyabusozi.

Keza alipokea, akasikiliza kwanza. "Leo umezima," akasema, na sauti yake ililainika. Niragira alisalimia salamu yote, bila kuruka kitu. Walikuwa wamefika kwenye ng'ombe aliyezaa pale taa ilipowaka juu ya kichwa cha Niragira na mvumo ukarudi.

 "Umeshindwa kunivumilia hata nimalize ya ng'ombe," alisema Keza, akakata.

Safari hii Niragira alituma ujumbe misheni kwa Frednand, fundi anayezitazama simu za mapadri. Alikuja na pikipiki, akamwamkia, akasikiliza simu, akatoka nje kuufuata waya kwa macho. Alisimama chini ya upenu muda mrefu. Kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye mita, waya wa simu ulikuwa umelazwa juu ya waya wa umeme, umefungwa kwa kamba za mgomba, fundo kila mahali, zimebana kama mzigo wa kuni.

"Bibi, nani kafunga hivi?"

"Mimi."

Frednand akatazama chini. Alieleza kwamba nyaya hizi mbili zikilala pamoja, wa umeme humpa mwenzake mvumo wake, na swichi ya ndani haiwezi kuuzuia kwa kuwa umeme wenyewe unakuwa haujafika kwenye swichi. Akamwomba asipande tena kigoda karibu na waya ule. Kisha akakata kamba moja baada ya nyingine, akauhamishia wa simu upande wa pili wa nyumba. Niragira aliziokota kamba zilizodondoka. Nyingine zilikuwa bado nzima.

Jumapili hakungoja kupigiwa. Keza alipokea, akasikiliza. Hakukuwa na mvumo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Keza bado alikuwa akisikiliza. "Ilikuwa mashine ya nani?"

"Haikuwa mashine. Niliufunga waya wa simu na wa umeme pamoja. Ulikuwa unaning'inia."

"Uliufunga na nini?"

"Kamba za mgomba."

Keza akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu mwenye kifua kibovu.

"Wewe," alisema. "Hata mtoto mgongoni ulikuwa unamfunga nguo mbili. Haya, niulize ya ng'ombe."