Visanduku Vitatu vya Kasiani

Bernadeta alikuwa mkaidi, tuseme ukweli. Huko juu Mgeta kila mtu alijua kwamba mwalimu wa misheni angemsomea barua yoyote bila kinyongo, lakini yeye, ng'o! Alisema mambo yake na mumewe si ya kutangazwa kama mahubiri.

Na kweli alizoletewa kutoka kwa mumewe hazikuwa barua. Mumewe, Kasiani, alipokuwa akifanya useremala misheni, alisimuliwa na Bruda mmoja habari za mashairi ya Wajapani: mistari mitatu basi, sauti, yaani silabi, tano, saba, tano. Jioni ile akachukua mkaa, akachora ukutani visanduku vitatu vinavyofuatana kuanzia kushoto, na ndani yake kijitu chenye masikio makubwa kama yake mwenyewe. Kijitu kinachochea moto. Kijitu kinapiga chafya. Kijitu kinachungulia chungu, tumbo limebonyea.

"Mimi nimechora," alisema. "Maneno tia wewe."

Bernadeta hakujua kusoma, ila vidole vya kuhesabia alikuwa navyo.

Moshi wa kuni,
mume apiga chafya,
chakula bado.

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Tangu siku hiyo ukuta haukupumzika.

Kisha kodi ya Mdachi ikamtoa Kasiani nyumbani, akaenda kujenga reli iliyokuwa ikielekea Tabora. Kila baada ya miezi michache wapagazi wa misheni walipandisha kadi yake mlimani: visanduku vitatu, na neno hata moja hamna. Bernadeta aliipachika ukutani, akaitia maneno kwa sauti, akacheka peke yake. Kicheko cha mtu mmoja hakidumu, jamani. Hakujaliwa mtoto, na upweke ulimfuata kila mahali, shambani kwenye maharage, kanisani, kitandani. Mara nyingine alijisahau akapakua ugali wa watu wawili, akabaki anautazama unavyopoa.

Mwaka wa pili, baada ya Pasaka, ikaja kadi ambayo mistari yake ilitetemeka. Kushoto kijitu kimelala. Katikati kimeketi, mzigo umewekwa chini. Kulia kinatembea, na mbele yake kuna milima.

Moyo ulimruka Bernadeta. Akahesabu kwa vidole, tano, saba, tano.

Kalala chini,
mzigo uko kando,
yuaja kwetu.

"Aliugua, akapata nafuu, sasa anakuja!" alimwambia jirani yake, Rosa.

Rosa aliigeuza kadi huku na huku. "Mkono huu mbona kama si wake? Mpelekee mwalimu aitazame. Kuuliza si ujinga."

"Mkono wa mgonjwa utakuwaje? Nimuulize mwalimu nini, na macho ninayo?"

Rosa akafyonya, akaenda zake.

Bernadeta akaikandika nyumba upya, isipokuwa ule ukuta wa michoro. Akapika pombe ya kumpokea mume. Kila siku aliteremka hadi kwenye kona ya njia itokayo Morogoro, akasubiri, akarudi peke yake. Pombe ikachacha, akaimwaga. Akapika nyingine. Watu wakaanza kumcheka chinichini, naye akajifanya hasikii.

Baada ya miezi miwili mtu akatokea, lakini hakuwa Kasiani. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa kanzu iliyochakaa, na begani ana blanketi ambalo Bernadeta alilishona viraka kwa mikono yake.

"Hodi, shemeji. Mimi Yunusi, mwenzake Kasiani wa relini. Pole sana."

"Pole ya nini? Karibu! Mwenyewe umemwacha wapi? Miguu inamuuma?"

Yunusi akaitazama nyumba iliyokandikwa, akautazama mtungi wa pombe. "Shemeji, kadi hukuipata?"

"Nimeipata, hii hapa!" Akaibandua ukutani, akapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia na kumsomea shairi lake lote, huku akitabasamu.

Yunusi akakaa chini, hata hakukaribishwa kiti.

"Kadi hii nimeichora mimi," alisema. "Kasiani hakuweza tena kushika kalamu. Alinikataza kuandika barua, isije ikasomwa na watu. Alisema, chora kama ninavyochora, maneno atatia mwenyewe." Akaipokea kadi. "Nami kusoma nimesomea chuo cha Kurani, kwa maalimu. Sisi tunaanzia kulia."

Akaweka kidole kwenye kisanduku cha kulia. "Hapa tumetoka kambini, tunarudi nyumbani." Akakisogeza katikati. "Hapa Kilosa, homa imembana, ametua mzigo." Kisanduku cha kushoto hakukigusa. "Nikamzika palepale, kisha nikaichora kadi. Nami homa ikaniangusha, ndiyo maana nimechelewa kuja. Nisamehe, shemeji."

Bernadeta akaitazama kadi upya. Vidole vyake vilianza kuhesabu vyenyewe, kutoka kulia.

Yuaja kwetu,
mzigo uko kando,
kalala chini.

Tano, saba, tano. Hakuna sauti iliyopungua.

"Maneno yaleyale, shemeji," Bernadeta alisema. "Miezi miwili nilikuwa nayo mdomoni."

Akalichukua blanketi begani mwa Yunusi, akalikumbatia, ndipo kilio kikamtoka, na Rosa akaja mbio.